Skrini Moja Kubwa au Kadhaa Ndogo? Hesabu ya Jicho Sokoni

Biashara ya soko la wazi husimama juu ya sharti moja: bei ionekane na kila anayehusika nayo, na ionekane kwa wakati. Sharti hili ni la zamani kuliko kompyuta. Kilichobadilika ni chombo tu. Mahali palipokuwa na ubao na chaki sasa pana skrini, na pamoja na skrini limekuja swali ambalo madalali wa hisa, vyama vya ushirika na hata wakuu wa shule wanaonunua vifaa hukutana nalo: je, inafaa kununua skrini moja kubwa, au fedha hizo hizo zinunue kadhaa ndogo?

Aghalabu swali hili hujibiwa kwa mazoea au kwa kupendezwa na kitu kikubwa. Hata hivyo ni swali la kisayansi. Hisabati ya pembetatu, fizikia ya mwanga, biolojia ya jicho na hesabu za uwezekano, mambo ambayo mwanafunzi wa sekondari hujifunza kila moja katika somo lake, hukutana hapa katika jambo moja. Makala haya yanafuata hesabu hiyo hatua kwa hatua, kwanza mbele ya meza ya dalali, kisha katika uwanja wa mnada wa korosho.

Kutoka ubao hadi skrini

Soko la Hisa la Nairobi lilianzishwa mwaka 1954. Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) lilianza biashara tarehe 15 Aprili 1998, na hisa za kwanza kuuzwa zilikuwa za kampuni ya TOL. Huko Nairobi madalali walifika ukumbini wakanadi kwa sauti, kila mmoja akisikia na kuona alichosikia na kuona mwenzake. Mwaka 2006 masoko yote mawili yaliingia katika mfumo wa kompyuta. Tangu hapo dalali hakulazimika tena kuutazama ukumbi. Alilazimika kuitazama skrini.

Katika nchi zenye masoko makubwa mabadiliko hayo yalitangulia. Shirika la Reuters lilianza huduma yake ya Monitor mwaka 1973, na katika miaka ya 1980 kampuni ya Bloomberg ikaja na vifaa vyake. Kila huduma ilikuja na skrini yake na waya wake. Dalali wa London au New York aliyetaka huduma nne alijikuta na skrini nne mezani. Tena skrini za wakati huo zilikuwa za mrija wa kioo, nzito na nene, na haikuwa rahisi kuzitengeneza kwa ukubwa mno. Kwa hiyo picha ya mfanyabiashara aliyezungukwa na skrini nyingi, ambayo wengi huidhani kuwa alama ya ustadi, haikuzaliwa na mahitaji ya jicho. Ilizaliwa na waya. Leo kompyuta moja huweza kuleta huduma zote katika skrini moja, na hivyo uchaguzi umekuwa huru. Ni wakati wa kuliuliza jicho lenyewe.

Jicho hupima pembe

Kitu kinapotazamwa, miale kutoka ncha zake mbili hukutana jichoni na kufanya pembe. Pembe hiyo ndiyo huamua ukubwa wa taswira inayoangukia retina. Sarafu iliyo karibu na mlima ulio mbali huweza kufanya pembe moja.

Digrii moja hugawanywa katika dakika 60 za pembe. Jicho lenye afya huweza kutofautisha nukta mbili zilizoachana kwa dakika 1 hivi. Hiki ndicho kipimo cha daktari wa macho: herufi ndogo anayotarajiwa kuisoma mtu mwenye macho mazima hufanya pembe ya dakika 5. Lakini kusoma kwa kujikaza si sawa na kusoma kwa saa nyingi bila kuchoka. Kwa kazi ya skrini inapendekezwa herufi ifanye pembe ya dakika 20 hivi.

Tanjenti ya dakika 20 ni 0.0058. Kwa hiyo urefu wa herufi unaofaa ni umbali wa msomaji mara 0.0058, yaani karibu milimita 6 kwa kila mita ya umbali. Kanuni hii ndogo inafaa kukaririwa. Dalali aliyeketi sentimita 70 kutoka skrini anahitaji herufi ya milimita 4. Mtu aliyesimama mita 10 anahitaji herufi ya sentimita 6.

Tokeo la kwanza ni hili: skrini kubwa iliyosogezwa mbali si kubwa tena. Skrini ya upana wa mita moja inayotazamwa kutoka mita 2 hufanya jichoni pembe ile ile inayofanywa na skrini ya nusu mita kutoka mita 1. Anayenunua skrini kubwa kisha akaisogeza nyuma ili aione yote amelipia sentimita ambazo jicho halizipati.

Skrini nne zilizo sawa na moja

Skrini hupimwa kwa ulalo, yaani kutoka kona hadi kona ya mkabala, na kwa desturi hutajwa kwa inchi. Zilizo nyingi zina uwiano wa upana kwa kimo wa 16 kwa 9. Kwa kanuni ya Pythagoras, upana ni ulalo mara 0.872, na kimo ni ulalo mara 0.490.

Chukua skrini ya inchi 43. Ulalo wake ni sentimita 109.2, upana sentimita 95.2 na kimo sentimita 53.5. Sasa chukua skrini ya inchi 21.5, nusu yake kamili. Upana wake ni sentimita 47.6 na kimo sentimita 26.8. Kwa kuwa eneo hufuata mraba wa ulalo, skrini ndogo ina robo ya eneo la kubwa. Ndogo nne zikipangwa mbili juu ya mbili huijaza kubwa moja bila kuzidi wala kupungua.

Usawa huo huonekana hata katika nukta zinazojenga taswira. Skrini ndogo ya kawaida ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, jumla 2,073,600. Nne zina 8,294,400. Skrini kubwa yenye nukta 3,840 kwa 2,160 ina idadi hiyo hiyo.

Mfano huu umechaguliwa kwa makusudi. Eneo ni sawa, nukta ni sawa. Basi tofauti yoyote itakayojitokeza haiwezi kusingiziwa ukubwa. Ni lazima itokane na mpangilio.

Ubapa na kingo

Dalali akiketi sentimita 70 mbele ya katikati ya skrini ya inchi 43, ukingo wa kulia uko sentimita 47.6 pembeni. Pembe ya kuutazama ni ile ambayo tanjenti yake ni 47.6 gawanya kwa 70, yaani digrii 34. Umbali kutoka jicho hadi ukingoni ni sentimita 84.7, si 70 tena. Herufi iliyoko ukingoni hupungua kimo kwa asilimia 17 machoni pa msomaji. Upana wake hupungua zaidi, kwa sababu inatazamwa kimshazari.

Skrini ndogo mbili zilizowekwa ubavu kwa ubavu huweza kugeuzwa kila moja imwelekee msomaji. Kutoka katikati ya skrini hadi ukingo wake ni sentimita 23.8 tu, na pembe ni digrii 19. Herufi ya ukingoni hupungua kimo kwa asilimia 5 pekee. Hapa skrini ndogo zimeshinda.

Lakini zina ila yake. Kati ya skrini na skrini kuna fremu. Mchoro mmoja mpana, kama vile mstari wa bei za mwaka mzima, ukikatwa na fremu husomeka vibaya, kwa sababu jicho hufuata mstari usiokatika kwa urahisi zaidi kuliko linavyounganisha vipande. Kwa mchoro mmoja mpana skrini kubwa ndiyo inayofaa.

Cha katikati na cha pembeni

Retina haioni kwa usawa kila mahali. Mahali pa kuona kwa ukali kabisa panaitwa fovea, napo hutosha pembe ya digrii 2 hivi. Kwa umbali wa sentimita 70 hizo ni sentimita 2.4 tu. Nje ya hapo jicho huona umbo na mwendo, lakini haliwezi kusoma tarakimu. Mtu anayejidai kwamba anasoma skrini sita kwa pamoja hasomi hata mbili. Macho yake hurukaruka kutoka moja hadi nyingine, na zaidi ya digrii 15 au 20 hivi kichwa nacho huanza kugeuka.

Kila mruko una gharama yake. Namba iliyosomwa upande wa kushoto haina budi kuhifadhiwa akilini mpaka jicho lifike upande wa kulia. Mwanasaikolojia George Miller aliandika mwaka 1956 kwamba akili hushika kwa muda mfupi vitu 7 hivi; utafiti wa baadaye umeelekea kwenye 4. Kwa hiyo tarakimu zinazolinganishwa zikae karibu, katika skrini moja, ikiwezekana katika safu moja.

Pembeni kuna kazi yake pia. Sehemu ya nje ya retina ni hodari wa kugundua mabadiliko. Ishara inayowaka huweza kukaa skrini ya pembeni ili imwite mtu, naye akaigeukia anapoitwa. Rangi nyekundu na kijani pekee hazitoshi kwa ishara hiyo, kwani wako watu, hasa wanaume, wasiozitofautisha. Alama ya kujumlisha au kutoa, au mshale, iandamane nazo.

Ukubwa wa soko nao una neno. Mwaka 2024 kampuni zilizoorodheshwa DSE hazikufika 40. Kwa herufi za milimita 4, na kila mstari ukichukua milimita 6, skrini ya inchi 21.5 ina nafasi ya mistari 44. Soko zima la hisa la Dar es Salaam linaingia katika skrini moja ndogo, tena mistari inabaki. Soko la New York lina kampuni zaidi ya 2,000. Huko hata skrini nne hazitoshi, na dalali hana budi kuchagua. Kumwiga dalali wa New York katika idadi ya skrini bila kuwa na soko lake ni kununua vioo vya kutazamia nafasi tupu.

Kuharibika na umeme

Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba uwezekano wa skrini yoyote kuharibika katika msimu mmoja ni 1 katika 100. Mwenye skrini moja ana uwezekano wa 1 katika 100 wa kukosa kila kitu. Mwenye nne ana uwezekano wa kupatwa na angalau tatizo moja wa 1 toa 0.99 kwa kipeo cha 4, yaani karibu 4 katika 100. Atakwenda kwa fundi mara nyingi zaidi. Lakini uwezekano wa zote nne kuharibika ni 1 katika 100,000,000. Skrini nyingi huleta usumbufu wa mara kwa mara, lakini hukinga na upofu kamili.

Hesabu hiyo ni kweli kwa sharti moja, nalo husahaulika: kila skrini iwe na bahati yake. Zikitegemea kompyuta moja, waya mmoja na soketi moja, umeme ukikatika zote huzimika kwa pamoja, na kipeo cha 4 hakina maana tena. Mwenye fedha kidogo atafanya vyema kununua betri ya akiba kabla ya kununua skrini ya pili.

Kuhusu matumizi ya umeme, nguvu inayotumiwa na skrini ina sehemu mbili: sehemu isiyobadilika inayoendesha mitambo ya ndani, na sehemu inayoongezeka kwa kadiri ya eneo linalong'aa. Katika mfano wetu eneo ni moja, lakini sehemu isiyobadilika hulipwa mara nne kwa skrini nne. Skrini kubwa ina nafuu hapa, ila nafuu hiyo hupotea pale ambapo skrini ndogo mbili huweza kuzimwa wakati hazihitajiki.

Mnadani

Mpaka hapa msomaji wa skrini alikuwa mtu mmoja mezani. Soko linalowagusa watu wengi zaidi nchini liko mahali pengine. Kisarawe ni miongoni mwa wilaya za Mkoa wa Pwani zinazolima korosho. Kwa miaka mingi, chini ya utaratibu wa stakabadhi ghalani, wanunuzi waliandika bei zao na kuzitia sandukuni, na sanduku likafunguliwa mbele ya wakulima. Tangu msimu wa 2024/2025 korosho zimekuwa zikiuzwa kwa mfumo wa kompyuta wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Mnunuzi hushindana akiwa popote. Mkulima huitazama bei katika skrini, kisha wakulima huikubali au huikataa.

Ichukuliwe kwamba mnada unafanyika uwanjani katika kata ya Kurui, na kwamba watu wa mwisho wamesimama mita 25 kutoka skrini. Kwa kanuni ya milimita 6, herufi iwe na sentimita 15. Pamoja na nafasi kati ya mstari na mstari, kila mstari huchukua sentimita 22.5. Skrini ya inchi 43, yenye kimo cha sentimita 53.5, itaonyesha mistari 2 tu. Lakini mkulima anahitaji angalau mambo matatu: uzito wa korosho, bei ya juu na bei ya chini. Herufi zikipunguzwa ili mistari mingi iingie, aliye nyuma haoni.

Sasa skrini nne za inchi 21.5 zisambazwe uwanjani, ili kusiwe na mtu aliye zaidi ya mita 8 kutoka mojawapo. Herufi inayohitajika ni sentimita 4.8, mstari ni sentimita 7.2, na kila skrini huonyesha mistari 3. Eneo ni lile lile na nukta ni zile zile, lakini watu wote sasa wanasoma. Tofauti ni kwamba skrini imewafuata watu badala ya watu kubanana mbele ya skrini.

Huenda mtu akasema: itumike projekta, picha iwe kubwa kama ukuta. Fizikia ina jibu. Projekta ya lumeni 3,000 ikimwaga mwanga juu ya kitambaa cha mita za mraba 2 hutoa luksi 1,500. Upana na kimo vikiongezwa maradufu, eneo huwa mita za mraba 8 na mwanga hushuka hadi luksi 375. Jua la mchana huweza kufikia luksi 100,000, na hata kivulini kweupe mwanga huweza kufika luksi 10,000. Picha itafifia kabisa. Projekta ni chombo cha chumba chenye giza. Uwanjani, ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki nene hausomeki vibaya jua likiwaka, kwa sababu jua lenyewe ndilo linaloangaza chaki. Karani anayenakili bei ubaoni na kuitangaza kwa sauti si masalio ya zamani. Ni msaada ambao hesabu inauthibitisha.

Uamuzi

Jibu moja la watu wote halipo, lakini ipo njia moja ya kulifikia. Kwanza iulizwe ni nani anayesoma, na yuko mbali kiasi gani. Milimita 6 kwa kila mita itatoa ukubwa wa herufi. Pili iulizwe ni mambo mangapi yanayopaswa kuonekana kwa pamoja; hayo yatatoa idadi ya mistari. Tatu iulizwe kitatokea nini skrini au umeme ukipotea. Mtu mmoja anayelinganisha tarakimu atafaidika na skrini moja ya wastani mbele yake, na pengine ya pili pembeni kwa ishara. Mchoro mpana utahitaji skrini kubwa. Umati uliotawanyika utahitaji skrini ndogo zilizotawanyika nao. Nalo jambo la mwisho lina uzito kuliko yote, kwa kuwa aliyesimama nyuma asipoiona bei, kukubali kwake si kukubali. Ameuza jasho la mwaka kwa namba aliyosimuliwa.

Majaribio ya darasani

1. Andika ubaoni safu za tarakimu zenye kimo cha sentimita 2, 4 na 6. Wanafunzi warudi nyuma polepole, na kila mmoja apime umbali ambapo kusoma kunaanza kuwa kazi. Gawanya kimo kwa umbali na ulinganishe na 0.0058.

2. Mwanafunzi akazie macho neno moja katikati ya ukurasa, kisha, bila kuyasogeza macho, ajaribu kusoma maneno ya kulia na kushoto. Ahesabu anayoyapata. Huo ndio upana wa fovea yake.

Maswali

1. Tafuta upana na kimo cha skrini ya inchi 32 yenye uwiano wa 16 kwa 9.

2. Mkulima amesimama mita 15 kutoka skrini. Herufi iwe na kimo gani?

3. Uwezekano wa skrini kuharibika ni 1 katika 50. Kwa skrini mbili zisizotegemeana, tafuta uwezekano wa zote mbili kuharibika, na wa angalau moja kuharibika.

Majibu: (1) Sentimita 70.8 na 39.8. (2) Sentimita 9. (3) 1 katika 2,500. 99 katika 2,500.